Kinga ya Konokono: Majitaka ya Kampala na Viumbe Wenye Magamba

Mvua kubwa ikinyesha Kampala kwa saa moja, mfereji wa Nakivubo hubeba hadharani kila kitu ambacho jiji lilikificha wiki nzima. Maji huteremka kutoka miinuko ya Makerere na Old Kampala, yakapita karibu na uwanja wa Nakivubo na soko la Owino, yakazoa taka za Kisenyi, yakakatiza eneo la viwanda na kuambaa Namuwongo. Ndani yake mna kinyesi cha vyoo vya shimo vilivyofurika, damu na mavi ya machinjioni, oili chafu ya gereji, sabuni, rangi, chupa za plastiki na mifuko ya kaveera. Baada ya hapo hupenya kinamasi kilicho kati ya Bugolobi na Luzira, na mwisho wake ni Ghuba ya Murchison ya ndani, kipembe cha Ziwa Victoria chenye kina cha wastani cha mita 3 hivi.

Watu wanaojadili maji hayo huuliza kwanza habari za maji ya kunywa, halafu habari za sangara na ngege. Ni haki yao. Lakini chini ya ghuba hiyo, kwenye tope na kwenye mashina ya mafunjo, wamo wakazi wasioulizwa: konokono, kome, kaa na kamba wadogo wa maji baridi. Mhadhara huu unawahusu wao. Unauliza uchafu wa maji unaifanya nini kinga ya miili yao, na kwa nini mkazi wa Kampala ambaye hajawahi kumla konokono wala kome ajishughulishe na jibu.

Jibu kwa ufupi ni hili: uchafu huivuruga kinga ya viumbe hawa muda mrefu kabla ya kuwaua, na hauwapati wote sawasawa. Katika bonde la Ziwa Victoria, baadhi ya wanaostahimili zaidi ni konokono wanaobeba vimelea vya kichocho.

Wakazi wenye magamba

Uganda ina bahati ya kuwa na sensa ya mapema ya konokono na kome wake. Mwaka 1954 mtaalamu wa Kidenmaki Georg Mandahl-Barth alichapisha kitabu kuhusu moluska wa maji baridi wa Uganda na nchi jirani, na majina aliyoyapanga yanatumika hadi leo katika maabara za Afrika Mashariki. Miongoni mwao wamo konokono wawili wa jamii ya Biomphalaria wanaogawana Ziwa Victoria: Biomphalaria sudanica, anayependa kingo zenye mafunjo na maji yaliyotulia, na Biomphalaria choanomphala, anayeishi ziwani kwenyewe, hata penye kina. Wote wawili ni wadogo na bapa, na wote huweza kubeba vimelea vya kichocho cha utumbo.

Pamoja nao wamo kome wa jamii za Coelatura na Mutela, waliojichimbia mchangani wakichuja maji kutwa kucha. Kwenye miamba ya Mto Nile yuko chaza wa maji baridi, Etheria elliptica, aliyejibandika palepale maisha yake yote. Kaa wa mtoni, Potamonautes niloticus, hutembea kando ya mawe. Kamba mdogo Caridina nilotica huogelea kwa makundi, naye ni chakula kikuu cha sangara wachanga tangu samaki wadogo waitwao nkejje walipopungua. Huko Kabale, katika Ziwa Bunyonyi, wapo kamba wakubwa wa Kimarekani wa spishi ya Procambarus clarkii, walioletwa Uganda miaka ya 1960. Siku hizi wageni wa hoteli za huko huwaagiza ili wawaonje.

Kwa hiyo wanyama hawa si wageni wa jikoni wala wa soko. Hata magamba matupu yanayookotwa ufukoni husagwa yakachanganywa katika chakula cha kuku ili mayai yapate ganda gumu. Chochote wanachokikusanya kutoka majini kina njia ya kurudi nchi kavu.

Kinga isiyo na antibodi

Elimu ya chembe za kinga ilizaliwa kwa wanyama wasio na uti wa mgongo. Mwaka 1882 mjini Messina, Sicilia, mwanazuoni Ilya Mechnikov alichoma miiba midogo ndani ya lava wa kiti cha pweza, na kesho yake akaona chembe za mwili zimeuzunguka mwiba kutaka kuumeza. Miaka miwili baadaye alieleza vita hivyohivyo ndani ya Daphnia, mnyama mdogo wa maji baridi aliye ndugu wa kamba: mbegu za kuvu zikiingia mwilini, chembe huziwahi na kuzimeza, chembe zikishindwa, mnyama hufa. Ugunduzi huo ulimpatia Mechnikov Tuzo ya Nobel ya mwaka 1908, akigawana na Paul Ehrlich.

Konokono na kome hawana antibodi kama za binadamu. Silaha yao kuu ni chembe hizo za kumeza, ziitwazo hemositi, zinazozunguka katika damu na kupenya kwenye nyama. Zikikutana na bakteria, huwameza. Zikikutana na adui mkubwa kuliko zenyewe, huungana na kumfunika tabaka juu ya tabaka, kisha humwagia peroksidi ya haidrojeni na kemikali nyingine kali. Damu yenyewe hubeba protini zinazowatambua wavamizi. Moluska wengi wana damu yenye rangi ya samawati, kwa kuwa husafirisha oksijeni kwa protini yenye shaba. Biomphalaria ana damu nyekundu, yenye himoglobini kama ya mtu.

Mfano ulio karibu na Kampala ni kichocho. Kinyesi cha mgonjwa kikifika majini, mayai ya mnyoo huangua lava mdogo aogeleaye kwa vinyweleo. Ana saa chache tu za kumpata konokono. Akimpata hutoboa ngozi na kuingia, na hapo ndipo mapambano huanza. Hemositi zikimfunika mapema, mvamizi hufa katika siku chache za kwanza na konokono huendelea kutaga mayai yake. Zikichelewa au zikikosa nguvu, lava hugeuka kiwanda: baada ya mwezi mmoja hivi konokono huanza kutoa lava wa hatua nyingine, waitwao sekaria, kwa mamia au maelfu kila siku, na kila sekaria anaweza kutoboa ngozi ya mvuvi, ya mama anayefua au ya mtoto anayeoga. Konokono aliyeshindwa hupoteza pia uzazi wake, maana chakula kilichokuwa cha mayai sasa ni cha vimelea.

Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha New Mexico, wakiongozwa na Coen Adema na Eric Loker, walieleza protini katika damu ya Biomphalaria zinazojishika na vimelea. Mwaka 2004 kundi hilo lilionyesha katika jarida la Science kwamba jeni za protini hizo hubadilika-badilika ndani ya konokono mmoja mmoja, jambo ambalo lilidhaniwa ni la wanyama wenye uti wa mgongo peke yao. Loker na wenzake walifanya kazi kwa miaka mingi na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, mjini Kisumu. Huko ilidhihirika kwamba konokono hawalingani kwa kinga: Biomphalaria pfeifferi wa vijito huambukizwa kwa urahisi, ilhali Biomphalaria sudanica wa kingo za ziwa mara nyingi humshinda mvamizi. Hivyo, penye Biomphalaria sudanica kinga ya konokono ni sehemu ya ulinzi wa afya ya watu, ingawa haimo katika bajeti ya wizara yoyote.

Kamba na kaa wana mbinu ya ziada. Kenneth Söderhäll wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, aliichambua kwa kamba wa maji baridi tangu miaka ya 1970: kuvu akigusa mwili, mfululizo wa vimeng'enya huamka na kumzingira kwa melanini, rangi nyeusi inayoonekana kama doa kwenye gamba. Kamba wa Kimarekani, akiwamo yule wa Bunyonyi, hubeba kimelea cha tauni ya kamba, kinachofanana na kuvu, kwa miaka bila kufa kwa sababu melanini humfungia adui mahali pamoja. Kimelea hichohicho kilipoingia Ulaya karne ya 19 kiliwaua kwa wingi kamba wa huko, ambao mbinu yao huamka kwa kuchelewa. Tofauti ya wanyama hao wawili ni kasi ya kinga, na kasi hiyo ndiyo inayopunguzwa na mazingira machafu.

Uchafu unavyoipunguza kinga

Njia ya kwanza ni metali. Shaba, kadimiamu, risasi na zinki huingia katika hemositi na kukaa ndani ya vifuko vya kusagia taka, vinavyoitwa laisosomu. Vifuko vikizidiwa huvuja, na chembe hujimeng'enya yenyewe. Maabara za Plymouth, Uingereza, ziliichunguza shaba kwa kome wa baharini na kukuta jambo linaloshangaza: dozi ndogo huweza kuichangamsha kinga, chembe zikaongezeka na kumeza zaidi, lakini dozi ikipanda au ikidumu, uwezo huanguka. Mtafiti anayepima siku moja tu anaweza kumkuta mnyama aliye mbioni kuugua akidhani ana afya ya chuma.

Njia ya pili ni ukosefu wa oksijeni. Majitaka yanapooza, bakteria huinywa oksijeni yote, hasa usiku na karibu na tope. Silaha ya hemositi ni oksijeni iliyogeuzwa kuwa kemikali kali. Maji yasipokuwa nayo, chembe hubaki zimemzunguka adui bila cha kumwagia. Wakati huohuo majitaka hayo huleta bakteria wengi zaidi wa kupambana nao, na amonia inayowasha matamvua. Kome hupata taabu kubwa kuliko wote kwa kuwa hawezi kuhama. Akifunga gamba, hupona kwa siku chache lakini hali wala hapumui vya kutosha. Akilifungua, hukaribisha kila kilichomo majini.

Njia ya tatu huonekana kwa macho pale ghuba inapogeuka kijani kibichi. Naitrojeni na fosforasi za mfereji huwalisha sianobakteria, hasa Microcystis, na baadhi yao hutoa sumu iitwayo mikrosistini. Mtafiti wa Uganda William Okello na wenzake walichapisha mwaka 2010 ushahidi wa sianobakteria wenye sumu hiyo katika maji baridi ya nchi, Ghuba ya Murchison ikiwemo. Kome anayechuja maji hawezi kuchagua vizuri kati ya chakula na sumu; mikrosistini hujikusanya mwilini mwake na kumpa kazi ya kujisafisha inayokula nguvu za kinga.

Njia ya nne ni viuatilifu vya mashamba. Nchini Ufaransa, Jacqueline Russo na Laurent Lagadic walimweka konokono wa madimbwi, Lymnaea stagnalis, katika maji yenye dawa ya magugu atrazini kwa viwango vinavyopatikana mashambani. Konokono hakufa. Lakini idadi ya hemositi zake ilibadilika, na uwezo wake wa kumeza bakteria ukaathirika. Mkulima angelitazama dimbwi hilo angesema limejaa uhai.

Plastiki nayo imeingia katika hesabu. Mwaka 2016 Florence Biginagwa na wenzake walitoa ushahidi wa kwanza wa vipande vidogo vya plastiki katika Maziwa Makuu ya Afrika, kwa kuchunguza matumbo ya sangara na sato walionunuliwa Mwanza: samaki mmoja kati ya watano alikuwa navyo. Mwaka 2020 Robert Egessa na wenzake walivikuta pia katika maji ya juu ya upande wa Uganda. Kama samaki anayechagua windo amevila, kome asiyechagua hawezi kuwa salama.

Je, kinga iliyopungua huleta ugonjwa kweli? Mfano mzuri unatoka Ghuba ya Chesapeake, Marekani. Fu-Lin Chu na Robert Hale waliwaweka chaza katika maji yaliyochanganywa na uchafu wa tope la Mto Elizabeth, wenye bandari na viwanda vingi, kisha wakawapa kimelea Perkinsus marinus. Matokeo yao ya mwaka 1994 yalikuwa bayana: kadiri uchafu ulivyozidi, ndivyo maambukizi yalivyozidi. Chaza wa maji safi walikutana na kimelea kilekile na wakakihimili vizuri zaidi.

Shaba ya Kilembe

Uganda ina eneo lake ambapo mambo haya yameandikwa ardhini. Mgodi wa Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori karibu na Kasese, ulitoa shaba kuanzia 1956 hadi 1982. Mabaki ya uchimbaji, yenye shaba na kobalti, yaliachwa katika marundo makubwa, na mvua iliendelea kuyaosha kuelekea Ziwa George. Mwaka 1995 Patrick Denny na wenzake, wakiwemo wanasayansi wa Uganda, walichapisha uchunguzi wa metali nzito katika ziwa hilo na vinamasi vyake. Ziwa George ni eneo la kwanza la Uganda kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, mwaka 1988. Mto Nyamwamba ulipofurika mwaka 2013, na tena 2020, ulipita katika bonde hilohilo la mabaki.

Kwa konokono, shaba ina historia ya pekee. Kabla ya dawa ya niklosamidi kuingia sokoni, salfeti ya shaba ilikuwa ndiyo dawa ya kuwaua konokono wa kichocho katika mifereji ya Misri na Sudan. Ilifanya kazi, lakini ilihitaji dozi kubwa, na iliwaua pia samaki na wadudu. Chini ya dozi hiyo konokono hubaki hai, na swali la afya yake huanzia hapo: yu hai, anakula, anataga, lakini hemositi zake zimejaa metali. Maji yanayotiririka kutoka marundo ya Kilembe hayana kipimo kimoja. Karibu na chanzo huweza kuua. Mbali zaidi huweza kudhoofisha. Mbali zaidi tena huweza kuchangamsha. Konokono wa mto mmoja wanaweza kuwa katika hali tatu tofauti kwa siku moja.

Adui wa konokono hufa kwanza

Mtu anaweza kufikiri: kama uchafu humdhoofisha konokono, basi na afe, kichocho kipungue. Ziwa halifuati hesabu hiyo.

Mwaka 2020 kundi la watafiti wa Ujerumani na Kenya, wakiwemo wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, lilichapisha kazi iliyofanywa katika maeneo 48 ya bonde la Ziwa Victoria magharibi mwa Kenya. Waliwahesabu wanyama wa majini na kupima viuatilifu. Kwenye maji yenye viuatilifu zaidi, wanyama wadogo wa majini wanaoshindana na konokono walipungua, ilhali konokono wa kichocho walistahimili na kuongezeka. Dawa nyingi za kisasa zimetengenezwa kuvuruga neva za wadudu. Konokono si mdudu, naye huzivumilia kwa viwango vinavyowaua wengine. Miaka miwili kabla, Neal Halstead na wenzake walionyesha jambo linalofanana katika matangi: dawa ya wadudu klorpirifosi iliwaua kamba wanaokula konokono, na mbolea pamoja na atrazini vikaongeza chakula cha konokono waliobaki.

Ziwa Victoria lilikuwa na walinzi wake. Samaki Astatoreochromis alluaudi ana meno mapana kooni ya kusagia magamba ya konokono. Alijaribiwa kwenye mabwawa ya Kenya kama askari dhidi ya kichocho. Lakini ilidhihirika kasoro: samaki waliokuzwa kwa chakula laini walipata taya dhaifu, wakapunguza kula konokono. Kamongo, ambaye Waganda humwita mmamba na ukoo mkubwa wa Buganda umemfanya mwiko wake, pia ni mlaji hodari wa konokono. Spishi za nkejje zipatazo 200, baadhi zikiwa za walaji wa konokono, zilipotea au kukaribia kupotea baada ya sangara kuingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Mwaka 1999 baadhi ya wavuvi walipotumia sumu za shambani kuvua, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hilo; biashara ilifunguliwa tena mwaka uliofuata, baada ya Uganda kurekebisha ukaguzi. Magazeti yaliandika hasara ya viwanda vya minofu. Hasara ya walaji wa konokono haikuandikwa.

Hata hivyo, haki itendeke kwa upande wa pili. Lava wa kichocho na sekaria ni viumbe dhaifu. Hawali, huishi kwa akiba waliyozaliwa nayo, na metali au amonia hufupisha saa zao. Konokono aliyedhoofika kupita kiasi naye huweza kufa kabla ya mwezi kutimia, akafa na vimelea vyake. Kwa hiyo maji yaliyooza kabisa, kama yale ya mfereji wenyewe, huenda yasiwe na kichocho kikali. Hatari hukaa katikati: mahali ambapo uchafu umeshatosha kuwaondoa maadui wa konokono na kuchosha kinga yake, lakini haujatosha kumuua yeye wala lava. Mpaka huo huelekea kuangukia kwenye kingo za ghuba, penye magugumaji na mafunjo yaliyokatwa, karibu na mialo ambako watu huoga, hufua na kuchota.

Ukubwa wa tatizo hauhitaji kukuzwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta takriban mtu mmoja kati ya wanne nchini Uganda ana maambukizi ya kichocho cha utumbo. Serikali imekuwa ikigawa vidonge vya prazikwanteli tangu 2003, na vimepunguza maini na bandama zilizovimba katika vijiji vingi vya wavuvi. Vidonge huua minyoo ndani ya mtu. Mtu huyo akirudi mwaloni kesho yake, hukutana na konokono walewale.

Kinamasi, mtambo na bomba refu

Kampala imekuwa ikilipia uchafu wa ghuba kwa namna nyingine pia. Mitambo ya Ggaba, ambayo kwa miongo mingi ndiyo iliyolisha jiji, huchota maji katika ghuba ileile inayopokea Nakivubo. Mwani na majitaka vilipoongeza gharama ya kusafisha, Shirika la Taifa la Maji na Majitaka lilijenga mtambo mpya Katosi, wilaya ya Mukono, wenye uwezo wa lita milioni 160 kwa siku, ili kuchota maji ya ziwa la wazi. Huko Bugolobi mtambo wa zamani wa majitaka umepata mrithi wenye uwezo wa lita milioni 45 kwa siku. Hata hivyo, sehemu ndogo tu ya wakazi wa jiji wameunganishwa na mabomba ya majitaka. Waliobaki hutegemea vyoo vya shimo, matangi na magari ya kunyonya.

Kati ya mtambo na ziwa kuna kinamasi cha Nakivubo, chenye ukubwa wa kilomita za mraba 5 na ushei. Frank Kansiime na Maimuna Nalubega walikipima katika miaka ya 1990 na kuonyesha jinsi mafunjo yanavyonasa naitrojeni, fosforasi na bakteria. Mwaka 1999 Lucy Emerton na wenzake walikadiria kuwa huduma hiyo ina thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Tangu wakati huo mafunjo mengi yamepisha mayuni, miwa, nyumba na viwanda. Mmea wa mafunjo huunda mkeka unaoelea, maji yakapita polepole kati ya mizizi. Mayuni hupandwa kwenye udongo uliotolewa maji kwa mitaro, na mtaro hupeleka uchafu moja kwa moja. Konokono wa mlango wa ghuba wameonja mabadiliko hayo kwa damu yao.

Kuipima damu

Ukaguzi wa maji umezoea kupima oksijeni, naitreti, fosfati na bakteria wa kinyesi. Vipimo hivyo husema kilichomo majini saa ile chupa ilipojazwa. Mnyama aliyeishi hapo miezi mitatu husema zaidi. Wazo hilo lilitangazwa na Edward Goldberg mwaka 1975 alipopendekeza kome na chaza watumike kuikagua pwani ya dunia nzima, na Marekani imekuwa na mpango wa aina hiyo tangu 1986. Pwani ya Kenya nako, metali zimepimwa katika mkono wa bahari wa Makupa, Mombasa, uliokaa miaka mingi jirani na dampo la Kibarani.

Kupima metali kunahitaji mashine ghali. Kupima kinga hakuhitaji. Konokono wa jamii ya Biomphalaria akiguswa mara kadhaa kwa ncha butu hujikunja na kutoa damu yake mwenyewe kwenye mlango wa gamba. Tone moja latosha. Huchanganywa na rangi nyekundu ambayo laisosomu nzima huishika ndani. Laisosomu zilizojeruhiwa huiachia, na mpimaji, akiwa na darubini ya kawaida na saa ya mkononi, huandika baada ya dakika ngapi rangi imeanza kuvuja. Maabara za Plymouth zimeitumia mbinu hiyo kwa kome tangu miaka ya 1990. Mwanafunzi wa zoolojia wa Chuo Kikuu cha Makerere anaweza kuijifunza kwa muda mfupi.

Vituo vyenyewe havihitaji kutafutwa mbali. Vizimba vya wavu vyenye kome waliotolewa sehemu moja safi, tuseme Visiwa vya Ssese, vinaweza kutundikwa mahali pane: mlangoni mwa Nakivubo, mbele ya bomba la Ggaba, nje ya Katosi na palepale Ssese kwa kulinganisha. Kando yake wakusanywe Biomphalaria wa kingoni, wahesabiwe wanaotoa sekaria, na damu yao ipimwe, msimu wa mvua na msimu wa kiangazi. Makerere ina wanafunzi, kituo cha utafiti wa uvuvi cha Jinja kina mashua na uzoefu wa ziwa tangu 1947, na kitengo cha Wizara ya Afya cha kudhibiti wadudu waenezao magonjwa kina watu wanaomjua kila konokono kwa sura. Orodha ya matokeo ingewekwa mbele ya pande mbili ambazo kwa kawaida hazikai meza moja: wahandisi wa Bugolobi, wanaotaka kujua kama lita zao milioni 45 zimeibadili ghuba, na waganga wanaogawa vidonge katika mialo ya Luzira na Ggaba, wanaotaka kujua ni ufuko upi utawarudishia wagonjwa kwanza.